Hija ya begi kupanda gari

Tangu niweke picha za Kumano, eneo la hija la milimani huku Japani, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, sina amani. Mjomba kauliza ni hija gani hiyo ambayo begi linapanda gari, mwenyewe anatembea mikono mitupu, na jioni anaoga maji moto akaandaliwa samaki. Shangazi hakuuliza kitu, alituma sauti ya kicheko tu. Nawajibu hapa wote wawili, kwa sababu naona jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kilifi kuliko linavyowahusu Wajapani.

Ni kweli, njia ya Nakahechi, inayoingia milimani kutoka Tanabe, kusini mwa Osaka ninakoishi, siku hizi unaitembea kwa raha zako. Asubuhi unaacha begi kwenye nyumba ya wageni, jioni unalikuta bonde jingine. Mwongozaji anakuonyesha mzizi wa kukanyaga na wa kukwepa. Mchana mnakula matonge ya wali yaliyofungwa kwa majani ya haradali yaliyotiwa chumvi. Mwenye magoti mabovu anapelekwa kwa basi hadi Hosshinmon, na hapo anabakiwa na kama kilomita 7 tu kufika hekalu kuu la Hongu. Na kwenye vihekalu vya njiani, vinavyoitwa oji, kuna kisanduku chenye muhuri. Wazee wenye mvi wanakimbilia kuugonga kwenye vijitabu vyao kama watoto wa chekechea.

Lakini nani kasema hija lazima iume? Wafalme waliokwisha kung'atuka walikuwa wakienda Kumano zaidi ya miaka 800 iliyopita, Go-Shirakawa peke yake zaidi ya mara 30, na misafara ya watumishi nyuma yao. Mwaka 1201 mshairi Fujiwara no Teika alifuatana na Go-Toba, mfalme mwingine aliyeng'atuka. Alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuandaa malazi, na shajara yake imejaa malalamiko ya uchovu na mvua. Wa kumhangaikia msafiri hakukosekana tangu zamani. Halafu Kumano ilisifika kwa kupokea kila mtu, wanawake na wagonjwa wakiwemo, ilhali kwenye rasi hiyo hiyo mlima Sanjogatake unawakataza wanawake hadi leo. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo msiniulize nimechagua wapi.

Kilichonigusa zaidi ni msitu. Hekalu la Hongu halipo pale lilipokuwa mwanzo. Mafuriko ya mwaka 1889 yalilibomoa kando ya mto, na wengi wanaulaumu ukataji miti uliofanyika milimani. Ndipo mabaki yakahamishiwa juu, na penye hekalu la zamani leo limesimama lango la chuma lenye urefu wa karibu mita 34. Watu hawakujifunza haraka. Kuanzia 1906 serikali iliamuru vihekalu vidogo viunganishwe, na vilivyofungwa miti yake ikaingia sokoni. Msomi mmoja wa Tanabe, Minakata Kumagusu, akapiga kelele mpaka mwaka 1910 akatiwa ndani. Mierezi mikubwa ya kihekalu cha Tsugizakura, ambayo matawi yake yameelekea upande wa Nachi, hekalu jingine kubwa la Kumano, imebaki kwa sababu ya watu kama yeye. Nilipoelezwa hayo chini ya miti yenyewe niliwaza kaya zetu tu, misitu mitakatifu ya sisi Wamijikenda wa pwani ya Kenya.

Maana sisi tunazo. Njia za Kumano ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2004, misitu ya kaya za Wamijikenda ikafuata 2008. Tuna wazee wanaojua fingo, kago la kuilinda kaya, lilizikwa wapi na mti gani haukatwi. Ila kule milimani mama mwenye nyumba ya wageni, mgongo umepinda, anatafutwa na wageni kwa sababu ni mzee na anajua mambo. Kwetu Kilifi mvi hizo hizo zimewaponza wazee wangapi? Wanaitwa wachawi, wanakatwa mapanga usiku, na mara nyingi ukichunguza unakuta shamba ndilo lililotakiwa. Hilo, Mjomba, ndilo la kucheka?

Msidhani naisifia Japani kwa kila kitu. Vijiji vile vimekauka watoto. Unapita nyumba zilizofungwa, mashamba ya mpunga yamegeuka vichaka, unasalimiwa na mtu mmoja asubuhi nzima. Kwa hilo Rabai na Chonyi zinawashinda mbali, watu tunao.

Kaya Kinondo kule Kwale wameonyesha kwamba inawezekana: mgeni anafungwa shuka jeusi, anaongozwa, analipa, anafuata masharti. Ningependa kuona vijana wa kaya nyingine wakilipwa vivyo hivyo kuongoza watu, wakiwemo Wamijikenda wenyewe tuliokulia Mombasa na ng'ambo, tusiojua hata njia ya kuingilia. Starehe iwepo: kivuli, maji ya kunywa, boda ya kumrudisha aliyechoka. Masharti wapange wazee, na ndani kabisa pafungwe. Hata Hongu tuliomba nje. Milango ya ndani haifunguliwi kwa mgeni, awe amelipa kiasi gani.