Kwa Nini Ninaandika `typename` Badala ya `class`

Katika lugha ya programu ya C++, anayetangaza parameta ya kiolezo (msimbo unaoandikwa mara moja ili utumike kwa aina mbalimbali za data) inayowakilisha aina anaweza kuandika `template<class T>` au `template<typename T>`, na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, haitofautishi kabisa kati ya matamko hayo mawili. Wapo wanaouona mjadala wa neno lipi litumike kuwa wa bure kwa sababu hiyo, nami sikubaliani nao, kwani msimbo husomwa pia na watu.

Bjarne Stroustrup, mbunifu wa C++, alipobuni violezo, alitumia `class`, neno ambalo tayari lilikuwamo katika lugha, ili asitenge neno jipya ambalo huenda lingevuruga programu zilizokwisha kuandikwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake, ila ulituachia tamko linalopotosha: `class T` hupokea `int`, aina ya namba kamili iliyomo katika lugha yenyewe, bila kinyongo, ilhali `int` si klasi, yaani aina inayoundwa na mwandishi wa programu.

Neno `typename` liliingia lugha ilipokuwa ikisanifishwa, kabla ya kiwango cha mwaka 1998, kwa ajili ya tatizo jingine kabisa. Ndani ya kiolezo, mstari `T::x * p;` waweza kuwa kuzidisha, au waweza kuwa tangazo la pointa (kigezo kinachohifadhi anwani ya kumbukumbu) iitwayo `p`; kwa kuwa `T` bado haijajulikana, kompaila huchukulia kwamba `x` si aina, na mwandishi aliyekusudia aina hana budi kuandika `typename T::x * p;`. Hapo ndipo watetezi wa `class` wanapopata hoja yao nzito, kwamba neno hili libakiziwe kazi hiyo moja. Kwangu mimi kazi zote mbili zinasema jambo lilelile, yaani jina linalofuata ni la aina, na tena C++20, toleo la kiwango la mwaka 2020, imepunguza sana mahali ambapo `typename` ni lazima ndani ya kiolezo.

Kwa parameta ambayo yenyewe ni kiolezo, `class` lilikuwa neno pekee lililoruhusiwa hadi C++17 ilipoondoa ubaguzi huo, ambao kwa kweli sikuwahi kuona faida yake.

Penye sharti kuhusu aina inayokubalika, hata hivyo, ninayaacha maneno yote mawili na kuandika `template<std::integral T>`, kama C++20 inavyoruhusu, kwa sababu hapo kompaila yenyewe hukataa aina isiyo ya namba kamili. Faili la zamani lililojaa `class` silibadilishi. Kuchanganya mitindo miwili katika faili moja humsumbua msomaji kuliko neno lolote kati ya hayo.