Mti haukufa, lakini mbao imekwenda

Kesi hii nimeisikia mara nyingi kwenye vijiji vya Mufindi na Njombe. Mmoja amepanda miche ya paina au milingoti (mikaratusi) mvua zilipoanza, jirani yake ana mahindi. Jirani anapuliza dawa ya kuua magugu, upepo unaivusha mpaka wa shamba, na wiki mbili baadaye miche ya pembeni inageuka njano. Mwenye miti anapolalamika, anaulizwa swali moja: "Mbona haijafa?" Wazee wanatikisa kichwa, shauri linaishia hapo.

Mkulima wa mahindi ana hoja nzito, na sipendi anavyochorwa kama mharibifu. Mahindi yakizidiwa na magugu wiki za mwanzo hayarudi tena. Palizi ya jembe inataka vibarua kadhaa kwa siku kadhaa, na vijana wengi wako mjini au kwenye viwanda vya mbao. Mtu mmoja mwenye bomba la mgongoni anaimaliza ekari kwa siku. Tena wapo wenye miti wanaoishi Dar es Salaam, waliopanda hadi kwenye jiwe la mpaka. Miti ikikua, kivuli na mizizi yake vinakula mistari ya mahindi ya jirani, wala hakuna anayemlipa. Na hao hao wenye miti hupuliza dawa ile ile kati ya mistari yao, kupunguza nyasi zinazobeba moto wakati wa kiangazi.

Yote hayo ni kweli. Ila swali la "mbona haijafa" linapima hasara kwa kipimo kisichohusika.

Niliwahi kupiga magoti mbele ya mche wa mlingoti wa miezi minne, mita tano hivi kutoka mpakani. Kwa mbali ulikuwa kijani kabisa. Kwa karibu, majani ya chini yalikuwa mapana kama vidole viwili, lakini machanga ya juu yalikuwa membamba kama nyasi, meupe kwa umanjano, yamesongamana kwenye kifundo kimoja kama ufagio. Ncha yenyewe ilikuwa imekauka, kipande cha urefu wa ukucha tu. Hicho kipande cha ukucha ndicho mbao.

Dawa ninayoizungumzia ni glifosati, nayo haikai pale ilipoangukia. Huingia kwenye jani na kusafiri na utomvu hadi kwenye ncha na mizizi, sehemu zinazokua, na huko huuzuia mmea kutengeneza baadhi ya asidi amino zake, yaani matofali ya kujengea protini. Kiasi kidogo hakiui mti, kinaua ncha. Ncha ikifa, macho ya pembeni yanaamka yote kwa pamoja, na mti unapanda na mashina mawili au matatu. Ukiwahi kukata ukabakiza shina moja, unaokoa sehemu. Lakini kombo la chini linabaki, na mti umeshaachwa nyuma na wenzake wanaouzibia jua. Mwenye msumeno anataka gogo lililonyooka, na mti uliogawanyika kwa chini anaulipia bei ya kuni.

Sasa tuhesabu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja ina miti 1,111. Dawa ikiingia mita 10 kutoka upande mmoja inagusa mistari minne, miti kama 130, yaani asilimia 12. Kwa mwenye hekta mia hiyo ni hasara ya pembeni. Lakini wanakijiji wangapi wana hekta ya mraba? Wengi wana vipande vyembamba vya urithi. Kipande cha mita 20 kwa 100 kina mistari saba. Minne kati ya saba imepita nusu ya shamba, na shamba hilo ndilo ada ya mtoto au matibabu ya uzeeni. Hesabu hii hainitoki kichwani.

Mita 10 si kutia chumvi. Tone la mikroni 300, yaani chini kidogo ya theluthi ya milimita, likitoka nusu mita juu ya ardhi linafika chini kabla ya nusu sekunde. La mikroni 50, jembamba kuliko unywele, linachukua sekunde sita au saba, na upepo wa mita 2 kwa sekunde unalisogeza zaidi ya mita 12. Nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) iliyochakaa na presha kubwa huzalisha matone ya aina hiyo kwa wingi.

Utasikia pia kwamba paina haidhuriki. Hoja hiyo imetoka nchi za baridi, ambako dawa hupulizwa juu ya misonobari ikiwa imeshafunga vichipukizi na kulala. Paina yetu ya Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la serikali huko Mufindi, ni *Pinus patula*, nayo msimu wa mvua hailali. Inapulizwa ikiwa laini kuliko wakati wowote.

Kweli, baridi kali na upungufu wa boroni, kirutubisho cha udongo, navyo huua ncha, na wapo wanaomsingizia jirani. Ila vitu hivyo havifuati mpaka. Madhara ya dawa huwa makali pembeni na kupungua kadiri unavyoingia ndani, na magugu ya mpakani nayo huwa yamekauka.

Kwa hiyo naona mzigo wa kwanza ni wa mpulizaji: nozeli ya matone makubwa, presha ndogo, kinga ya dumu lililokatwa kuizunguka nozeli, na mistari miwili ya mwisho aipalilie kwa jembe. Mwenye miti naye aanze mstari wake mita tano ndani. Na baraza la kijiji likaitazame miche wiki ya tatu, likihesabu ncha zilizokufa. Likisubiri mvua za Aprili, machipukizi ya pembeni yatakuwa yameshapanda na kuifunika ncha iliyokauka.