Pamoja Mpaka Mlangoni: Dawa ya Ebola na Hataza Yake

Mchungaji mmoja alishuka basi la Butembo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 2019, akapimwa, na tarehe 14 mji wote ukajua kwamba Ebola imeingia. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Beni, Mangina na Butembo zilikuwa zimezika watu karibu mwaka mzima; ilibidi ugonjwa ufike kwenye mji wenye uwanja wa ndege wa kimataifa na mpaka ndipo dunia ishtuke. Wiki zile tuliacha kupeana mikono. Pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, tulinawa maji ya klorini, kijana akakuelekezea kipima joto kwenye paji la uso, na pumzi huitoi mpaka aseme: pita.

Tangu siku zile kuna neno ambalo hapa mjini halijafa: damu ni yetu, breve ni yao. Breve, yaani hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake. Utalisikia kwa motari, yaani dereva wa pikipiki, wa mtaa wa Birere, kwa mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza pale Kituku, hata kwa mwanafunzi wa udaktari. Wenye elimu huliweka kapu moja na uvumi wote wa wakati ule: kwamba Ebola haipo, kwamba chanjo inaua, kwamba riposti, yaani ile kazi ya kupambana na Ebola, ni biashara tupu. Naona limewekwa kapu lisilo lake. Uvumi ule uliwafanya watu wafiche wagonjwa, na wagonjwa wakafa. Neno hili ni swali, na linastahili kujibiwa kama swali.

Anayelisema anapatia jambo moja na kukosea jingine. Tuanzie Kikwit, mji wa magharibi mwa Kongo.

Mwaka 1995 Ebola iliwapata watu 315 Kikwit na kuua takriban 250, yaani wanne katika kila watano. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Katika hospitali ya mji ule madaktari na wauguzi, mtaalamu wetu wa virusi, Profesa Jean-Jacques Muyembe, akiwa pamoja nao, waliwaza hivi: aliyepona ana kitu ndani ya damu yake kilichomshinda adui, basi anayeugua apewe damu hiyo. Wakawapa wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Wanane ni wachache mno, wakasema wataalamu wa nje. Hawakulinganishwa na wenzao ambao hawakupewa, tena walitibiwa mlipuko ukielekea mwisho, matunzo yakiwa yameshaboreka. Huenda wangepona hata bila damu ile. Pingamizi hilo lina nguvu, nami silipuuzi. Lakini tukae kidogo na hao wanane. Kwa ugonjwa unaoua wanne katika watano, ungetarajia katika wanane apone mmoja, labda wawili. Wakapona saba. Kama hilo halikuwa ushahidi, lilikuwa wazo, na wazo hilo lilizaliwa kando ya vitanda vya Kikwit, wakati wahudumu wenyewe walikuwa wakiambukizwa na kufa.

Mwaka 2006 mmoja wa manusura wa Kikwit alitoa damu tena. Miaka 11 ilikuwa imepita na kinga yake ilikuwa bado hai. Kutoka kwenye seli zake, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakishirikiana na maabara ya Bellinzona huko Uswisi na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, walipata kingamwili (protini ya kinga inayokamata virusi) iliyoitwa mAb114. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mwishoni mwa 2018 leseni ilikwenda kwa Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ya Miami, na Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Ebanga.

Sheria ya hataza ina macho ya namna yake. Huona molekuli, njia ya kuitengeneza na matumizi yake. Wazo la Kikwit hailioni, kwa sababu wazo tupu halipewi hataza popote. Aliyenyoosha mkono achomwe sindano haimwoni, kwa sababu mtoa damu si mvumbuzi. Hapa hakuna hila wala wizi, ndivyo sheria ilivyojengwa, na anayetaka kusema wazungu wameiba inabidi aonyeshe kifungu kilichovunjwa. Hatakipata.

Wanaotetea mpangilio huu wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Damu ya manusura haiwezi kupakiwa gari moja ikatosha Mangina yote. Kingamwili hukuzwa ndani ya seli hai, kwenye matangi, kwa usafi ambao ukilegea siku moja shehena nzima inatupwa. Mgonjwa anapewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja tu, kwa mshipa. Chupa moja ina miligramu 400. Piga hesabu: mtu wa kilo 60 anahitaji chupa nane. Nani atatoa mtaji wa kazi kama hiyo kwa ugonjwa unaozuka penye watu wasio na pesa, kisha unatoweka miaka mitatu? Bila haki ya peke yake, wanasema, mAb114 ingebaki makala ya jarida. Na kwenye CTE, kituo cha matibabu ya Ebola, mgonjwa hakudaiwa hata faranga moja.

Halafu kuna jambo ambalo mtaani halijulikani kabisa. Chini ya mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni, Kongo ikiwa mojawapo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kwa hiyo mtu akitaka kesho kutengeneza dawa hii Ndosho, mtaa wa hapa Goma, hakuna kanuni ya dunia inayoiamuru serikali yetu imzuie. Kitakachomzuia ni umeme, matangi, watu waliofunzwa, na zaidi ya yote mbegu: zile seli zenyewe zinazozalisha kingamwili, ambazo ziko kwenye majokofu ya wenye leseni. Ruhusa tunayo, mbegu hatuna.

Basi nusu ya pili ya neno letu inaanguka. Breve si kufuli la mlango wetu. Nusu ya kwanza, hiyo ya damu, ndiyo ninayotaka isikilizwe, kwa maana ina uzito kuliko hata wanaoisema wanavyojua.

Jaribio lililothibitisha dawa lilianza tarehe 20 Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa, likisimamiwa na Wamarekani pamoja na INRB. Liliitwa PALM, kifupi cha Pamoja Tulinde Maisha. Mara ngapi jaribio kubwa la tiba duniani limepewa jina la Kiswahili? Waliingia watu 681. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114, na REGN-EB3 ya kampuni ya Regeneron. Nani apewe ipi iliamuliwa kwa kura, wala si daktari aliyechagua.

Fikiria siku hizo. Februari 2019 kituo cha Katwa kilishambuliwa, na siku tatu baadaye kile cha Butembo. Aprili daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi hukohuko Butembo. Mtu wa Katwa anachukuliwa na watu waliofunikwa plastiki mpaka macho, jirani wanamwambia ukiingia mule hutoki, kisha anaulizwa kama anakubali kura iamue dawa yake. Akakubali. Mwenye homa kali asiyeweza kusema, ndugu yake akamkubalia. Mara 681.

Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Katika wagonjwa 673 waliohesabiwa mpaka siku ya 28, waliopewa remdesivir walikufa 93 kati ya 175. Waliopewa ZMapp, 84 kati ya 169. Waliopewa mAb114, 61 kati ya 174. Waliopewa REGN-EB3, 52 kati ya 155. Kwa waliowahi mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa mbili za mwisho ziliacha vifo vya takriban mmoja katika kumi. Wiki ileile hapa Goma mama mmoja na mtoto wake mdogo walitoka CTE wakiwa wamepona, baba wa nyumba akiwa ameshazikwa.

Nimezitazama namba hizo mara nyingi, na kinachonirudisha kwazo si 61 wala 52. Ni 93 na 84. Dawa mbili zilijulikana kuwa nzuri kwa sababu nyingine mbili zilionekana kuwa dhaifu, na udhaifu huo ulionekana ndani ya miili ya watu wa Kivu Kaskazini. Ondoa vifo hivyo 177, hakuna anayejua kama 61 ni nyingi au ni chache. Sisemi jaribio lilikuwa ovu: kila aliyeingia alipewa dawa iliyoaminiwa wakati huo, na walisimama mara walipojua. Nasema kwamba ujuzi uliotoka pale una wenyewe wawili, waliouandika na waliolala kitandani. REGN-EB3 haikutokana na damu ya Mkongomani, ilianzia kwenye panya wa maabara. Lakini nayo ilipita kwenye miili ileile ya watu 681 ndipo ikakubaliwa.

Mpaka hapo ilikuwa pamoja kweli. Baada ya hapo kila mtu akaenda kwake. Julai 2020 serikali ya Marekani iliingia mkataba na Regeneron wa takriban dola milioni 345, dawa iingie kwenye akiba yake ya dharura kwa muda wa miaka sita. Serikali hiyo imefanya lililo wajibu wake kwa watu wake: imelipa, imeweka ghalani. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyothibitishwa Beni inalala ng'ambo ya bahari, na mlipuko ukizuka huku, tunaomba.

Je, lazima iwe hivyo panapokuwa na hataza? Chanjo inatujibu. Chanjo ya Ebola ilivumbuliwa na maabara ya serikali ya Canada mjini Winnipeg. Mwaka 2010 leseni yake iliuzwa kwa kampuni ndogo kwa takriban dola 205,000, na mwaka 2014 kampuni kubwa ya dawa ya Merck ikailipa kampuni hiyo dola milioni 50 ili iichukue. (Hata Canada, yenye mawakili wa kila aina, ilitoka na chenji.) Nayo ina hataza. Lakini Januari 2021 ilifunguliwa akiba ya kimataifa ya chanjo hiyo, lengo likiwa dozi 500,000, fedha zikitoka Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na nchi yenye mlipuko inajua mlango wa kubisha na siku za kusubiri. Kwa dawa mbili za PALM haikufunguliwa akiba kama hiyo, hata Shirika la Afya Duniani lilipozipendekeza rasmi Agosti 2022. Chanjo ina hataza na dawa ina hataza. Kilichotofautisha ni kwamba upande mmoja palikuwa na mtu aliyekaa mezani akaweka sharti na pesa.

Hapo nailaumu Leta yetu, yaani serikali, kuliko Miami. Sampuli inapotoka na jaribio linapokubaliwa, Kinshasa ina kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na ndiyo saa ya kuandika: kiasi fulani, tuseme cha wagonjwa 200, kikae kwenye majokofu ya INRB Kinshasa na ya maabara yake ya hapa Goma, kibadilishwe kikikaribia kuisha muda, na vijana wetu wafunzwe kazi ya kukuza seli. Sharti kama hilo halimnyang'anyi mtu hataza.

Najua jibu lake: masharti huchelewesha utafiti, na Ebola haisubiri mawakili. Kweli, Julai 2019 nisingetaka kuona mtu akibishana juu ya vifungu wakati mgonjwa yuko kwenye basi. Ndiyo maana huandikwa kabla, katika ile miaka ya kimya ambayo tunaiacha ipite. Wengine watasema mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 utatusaidia: unawataka watengenezaji wanaojiunga watoe asilimia 20 ya uzalishaji wao, angalau nusu yake ikiwa zawadi. Soma vizuri. Fungu hilo ni la janga la dunia nzima, na kiambatisho cha kugawana sampuli na faida kiliachwa kijadiliwe baadaye. Ebola ya Mangina si janga la dunia nzima. Kwa kadiri ya historia yake, haitakuwa.

Septemba 2025 Ebola ilipozuka Bulape, Kasai, mAb114 ilifika na watu wakatibiwa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini mwezi huohuo uwanja wetu wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu vita vilipoingia mjini Januari. Dawa ile inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, chupa nane kwa mgonjwa mmoja. Homa ingeanzia Kanyaruchinya, hapa kando ya Goma, badala ya Bulape, sanduku hilo lingetoka ghala gani, na lingetufikia kwa barabara ipi?