Marufuku nayo ni amri

Mwandishi mmoja anadai kwamba kulazimishana mafunzo hakufundishi, na kwamba Rais Trump alipofuta programu za ujumuishi serikalini Januari 2025 (mipango na mafunzo ya kutaka watu wa rangi, jinsia na asili zote watendewe haki kazini) aliwapa watumishi wa Marekani uhuru. Uhuru gani? Septemba 2020 Trump alizuia baadhi ya mafunzo hayo, Januari 2021 Biden akaondoa katazo, sasa yamefutwa tena: amri juu ya amri, na mtumishi hajaulizwa hata mara moja anataka nini. Ila kwamba kulazimishana hakufundishi, hapo namuunga mkono mwandishi huyo. Wanasosholojia Dobbin na Kalev walionyesha mwaka 2016 kwamba kampuni zilizolazimisha mameneja mafunzo haya hazikupata ongezeko la maana la wanawake na watu wa makundi madogo kwenye umeneja hata baada ya miaka mitano, na za hiari zilifanya vizuri zaidi. Mimi ni mtumishi wa halmashauri mojawapo huku Mbeya, semina za lazima nazijua: unasaini mahudhurio, unakunywa supu na chapati, mtoa mada anasoma slaidi neno kwa neno, na swali pekee linaloulizwa kwa moyo ni la posho. Kisha anashuka bibi kutoka Umalila, milimani, Kiswahili chake cha kuokoteza, na mtu wa dirishani aliyesaini semina zote anamwambia arudi na mjukuu. Aliyemsaidia ni mlinzi wa getini, Mmalila mwenzake, ambaye (nina hakika) hajawahi kualikwa popote. Afadhali mafunzo yabaki kwa anayeyataka, na anayemfukuza mwananchi dirishani awajibishwe. Wenzangu wa Iringa na Njombe, kuna mtu ofisini kwenu alibadilika kwa semina ya kulazimishwa?