Moto Ukishazimwa, Kompyuta Iaminiwe kwa Kiasi Gani?

Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere lilipoungua usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, kuta zake nyingi zilibaki zimesimama, na kusimama huko hakukumwambia mhandisi lolote la uhakika kuhusu nguvu zilizosalia ndani yake. Swali kama hilo huzuka kila moto unapopita katika majengo ya maduka ya Kampala: yabomolewe au yakarabatiwe?

Wanaotegemea uigaji wa kompyuta, yaani kuuiga moto kwa hesabu ili kukadiria nguvu zilizosalia, wana hoja nzito. Mkondo wa ISO 834, yaani mchoro wa kimataifa wa joto linavyopanda kwa muda, unaotumika kupima vipande vya jengo tanurini, hufika nyuzi 945 za Selsiasi hivi kwa saa moja na huendelea kupanda tu, ilhali moto wa kweli hupoa. Programu kama SAFIR ya Chuo Kikuu cha Liège hufuata joto hata baada ya miali kufifia, wakati uso wa nguzo unapoa huku kiini kikizidi kupata moto. Nondo zilizochomwa hadi nyuzi 600 hubakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, ingawa zikipoa hurudisha sehemu kubwa. Zege halirudishi, bali hudhoofika zaidi kidogo. Hatari hiyo ya baada ya moto ilionekana huko Gretzenbach, Uswisi, mwaka 2004: wazimamoto 7 waliangukiwa na dari la maegesho ya chini ya ardhi baada ya kuudhibiti moto.

Hata hivyo, hesabu hizo husimama juu ya takwimu ambazo hapa kwetu mara nyingi ni za kukisia. Mchoro unaweza kuonyesha milimita 25 za zege juu ya nondo, na fundi akaacha 10. Nani aliyehesabu marobota ya mitumba na magodoro yaliyoulisha moto stoo? Kokoto zetu nyingi, zikiwa za graniti na naisi, zina kwatzi, madini yanayobadilika umbo na kutanuka ghafla kwenye nyuzi 573. Zege lenye unyevu nalo huweza kupasuka kwa kishindo na kuziacha nondo uchi, jambo ambalo programu bado hulitabiri kwa shida, na likitokea hesabu yote ya joto huanza upya.

Kwa maoni yangu, kosa liko katika mpangilio wa kazi: ripoti huanza na picha za rangi za kompyuta, na sampuli zikaja baadaye, kama zitakuja. Kwanza zege litobolewe, unene juu ya nondo upimwe nguzo kwa nguzo, na iangaliwe rangi ya waridi ambayo zege hupata likichomwa, na ambayo katika kokoto nyingi huanza karibu na nyuzi 300. Modeli, yaani uigaji huo wa kompyuta, ikikataa kulingana na kina cha waridi hiyo, irekebishwe modeli.