Ukoo Wetu Ulipoingia Kwenye Kura za Deki

Wasiocheza Hearthstone ngoja niwaeleze fasta ili twende sawa. Ni gemu ya karata ya Blizzard, ipo tangu 2014, unachezea kwenye simu au kompyuta. Unapanga deki yako ya karata 30, karata ya aina moja mwisho mbili, zile legendari, yani za adimu kabisa, moja moja tu. Kila zamu unaongezewa kito kimoja cha mana cha kulipia karata mpaka vifike 10, wewe na mpinzani mna uhai 30 kila mmoja, anayeishiwa ndo kaliwa. Basi. Hayo mengine ni kelele za watu kama mimi tunaoweza kukesha tunabishania karata ya thelathini iwe ipi na asubuhi tuna kazi.

Sasa sisi tuna grupu letu la Telegram, kuna watu wa Dar, Tanga, Mombasa, Nairobi na jamaa mmoja yuko Muscat ambaye ndo mwenye intaneti ya kueleweka kuliko sisi wote. Admini akatangaza mashindano, sio ya kucheza, ya kupanga deki: chukua legendari iliyosahaulika, ijengee deki, eleza inavyofanya kazi. Majaji watatu wanatoa nusu ya maksi, nusu nyingine inatoka kwa wananchi, maana safari iliyopita watu walilalamika eti majaji wanapeana ushindi wenyewe kwa wenyewe, wakadai wananchi nao wasikike. Haya, wananchi wasikike. Sharti lilikuwa moja, unaweka emoji ya moto alafu unaandika sababu, moto bila sababu hauhesabiwi. Na yeyote aliyemo kwenye grupu ni mwananchi. Hicho kipengele cha mwisho kishikeni.

Mi nikamchukua mzee Yogg-Saron. Huyu mzee ni wa 2016, bei yake mana 10, na kazi yake ni kwamba kwa kila uchawi uliotumia tangu mechi ianze yeye anafyatua uchawi mmoja wa kubahatisha, na wa kupigwa anabahatishwa vilevile. Alitia watu wazimu mpaka mwezi wa 10 mwaka huo huo Blizzard wakamkata makali, ikawa akiuawa katikati ya fujo zake anaishia hapo hapo. Nikampangia deki ya Mage, yani yule mhusika mchawi wa kwenye gemu, uchawi juu ya uchawi, na kwenye maelezo nikaandika kwa madaha kabisa: "Deki ya uchawi mtupu. Unaroga taratibu mpaka zamu ya kumi, mzee anatoka anamaliza kazi."

Nikaweka na ule msururu wa herufi wa kunakili deki, ile inaanza AAEBAf0E inaenda mpaka pumzi ikuishie, nikazima data nikalala.

Binamu yangu naye yumo humo Telegram. Kijana ana upendo sana, tatizo upendo wenyewe hauna breki. Akachukua linki akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo na maneno haya: "Ndugu zangu mtoto wetu yuko mashindanoni tusimuache peke yake, ingieni hapa muweke moto na muandike neno." Yani hakusema mashindano ya nini. Na ukoo wetu ukiambiwa ingieni hauulizi mlango wa nini.

Nawasha data asubuhi simu inatetemeka kama ina malaria. Baba mkubwa kaweka moto, kaandika "Naunga mkono hoja." Mama mdogo: "Amina, Mungu akutangulie mwanangu." Mjomba kaleta lile ua lenye kikombe cha chai na maandishi ya asubuhi njema. Kuna ndugu mmoja wa upande wa bibi, yeye akiona linki ya ukoo kichwani anajua ni msiba, kaandika "Poleni sana wafiwa, mchango wangu natuma jioni." Mwingine ndo kaniua kabisa, kanakili yale maherufi ya deki yote kama yalivyo, chini kaandika: "Hii luku inakataa, mita inataka namba tupu."

Na moto kila mahali. Jamaa wa Mombasa aliyekuwa anaongoza na deki yake ya mazimwi akaamka akakuta kapitwa usiku na wazee asiowajua, akaanza "admini hawa ni nani, hawa wazee wametoka wapi," binamu yangu anamjibu "ni wananchi kaka, si mlisema wananchi wasikike?" Hapo nilikuwa natamani nimnyonge na huku kimoyomoyo naona kijana ana hoja.

Kumbe shughuli yenyewe bado. Mama mdogo baada ya kuandika Amina akarudi juu kusoma maelezo. Baba akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unaroga?"

"Hapana baba, ni gemu ya..."

"Mama yako mdogo katusomea hapa kwa sauti, bibi yako yupo anasikia. Unaroga taratibu mpaka zamu ya kumi. Wale wa kwanza tisa wako wapi?"

Jaribuni nyie kumuelezea mzee wa miaka yake kwamba ni mana, na mana sio ile ya wana wa Israeli, ni vito vya buluu, alafu huyo mzee anayetoka kumaliza kazi ni mungu wa kale mwenye macho mengi na mikono kama pweza. Nilivyofika kwenye pweza nikasikia bibi kwa nyuma anasema "astaghfirullah" na simu ikakatwa.

Telegram huku majaji wana kesi yao. Wamekaa jioni nzima wanajadili kama "Naunga mkono hoja" ni sababu au sio sababu. Jaji mmoja anasema ni sababu maana mtu kaunga mkono maelezo ya deki. Wa pili anauliza hoja ipi, taja hoja. Wa tatu anataka kujua kama "Amina" inaweza kuchukuliwa kama kukubaliana na mpangilio wa karata. Wamesoma wale, wengine wameajiriwa na mishahara wanapokea. Mwisho wakaamua kufuta kura zote za ukoo kwa kukosa sababu ya kiufundi, isipokuwa moja ambayo walisema wamejaribu kuifuta wakashindwa, ina sababu kuliko za wao majaji.

Ilikuwa ya shangazi. Shangazi yangu ana duka la jumla Tanga, na kwenye lasti kadi pale kibarazani kwao hakuna anayekaa naye mara mbili. Yeye alivyofungua ile linki hakuweka moto wala ua. Alimkalisha mjukuu wake akamsomea karata zote 30, bei na kazi yake, moja moja, alafu akaandika hivi, nanukuu kama ilivyo:

"Habari zenu wanangu. Mimi shangazi yake huyu mwenye deki. Nimesomewa zote. Za bei ya moja ziko ngapi? Mbili. Za bei ya mbili ziko ngapi? Chache. Sasa asubuhi anauza nini? Anafungua duka saa saba mchana wateja washanunua kwa jirani. Na huyu mzee wa kumi hajui adui nani ndugu nani, anarusha tu, mtu wa hivyo mi simpi ufunguo wa stoo. Simpi kura. Msalimieni mama yake."

Yani ukoo mzima umehamasishwa, kura iliyohesabika ni moja, na ni ya kunikataa.

Chini yake ikafuata mioto sijawahi kuona. Mioto ya komenti, sio ya deki. Jamaa wa Muscat akaandika "huyu mama kaeleza kavu ya mana vizuri kuliko video zote nilizowahi kuangalia" na hapo na mimi roho iliniuma lakini ni kweli, maana kavu ni curve, yani bei za karata zilivyopangana kwenye deki, wachezaji tunaichorea grafu, tunasema hii deki nzito, hii nyepesi, na shangazi kamaliza yote kwa saa saba mchana.

Ikaja siku ya majaribio, jaji anachukua kila deki ilioingia fainali anaichezea laivu wote tunaangalia. Niliingia fainali kwa maksi za majaji, sio za wananchi, naomba hilo lieleweke. Mpinzani wa jaji kaja na deki ya murloki, vile visamaki vya bei rahisi vinavyopiga kelele. Zamu ya kwanza jaji wangu hana cha kuweka mezani. Ya pili hana. Visamaki vinajaa tu, na kwenye grupu watu wameanza "duka bado halijafunguliwa." Akavigandisha na Frost Nova, akapumua, akavigandisha tena, akaweka Ice Block ambayo ukipigwa pigo la kukuua inakukinga usife. Kasogea hivyo hivyo anachechemea mpaka zamu ya kumi, uhai umebaki 8, na mi nimesimama kitandani.

Mzee akashuka. Akaanza kufyatua. Wa kwanza akatuvutia karata, nikapiga kelele. Wa pili akaua kisamaki. Wa tatu akawaponya visamaki waliobaki, haya sawa. Wa nne akagandisha uso wetu wenyewe. Wa tano ulikuwa Pyroblast, tufe la moto la pigo 10, likapanda juu likazunguka pale katikati kama linatafuta anuani, likarudi kwetu.

Na ile Ice Block imekaa pale inatazama tu, maana karata za aina yake, zinaitwa siri, zinafanya kazi kwenye zamu ya mpinzani, na hii ilikuwa zamu yetu.

Grupu zima wakaandika kitu kimoja kwa pamoja kama wamepangana: "Shangazi alisema."

Nikawa wa mwisho fainali. Wa Mombasa akachukua pakiti zake za karata za ushindi na mazimwi yake, na siku hizi ananiita mpwa. Admini akatangaza kwamba mashindano yajayo kutakuwa na jaji mmoja wa wananchi na ameshakubali, analipwa bando la mwezi. Washiriki hata deki hawajaanza kupanga wameshaanza kumpitia pembeni na shikamoo shangazi za kinafiki, mmoja wa Nairobi akanionyesha jibu alilopata baada ya salamu ndefu na picha ya mtoto wake mchanga:

"Marahaba mwanangu. Mtoto mzuri. Za bei ya moja unazo ngapi?"