Ambulensi haiwezi kutafuta mkorosho

Hili la kuelekezana kwa miti limenichosha. Mama mjamzito amezidiwa usiku huko ndani ya Kakuyuni, kaunti ya Kilifi, jamaa wanapiga simu, wanaulizwa: "Mko wapi hasa?" Jibu ni "ukipita duka la pembeni, kata kushoto kwenye mkorosho mkubwa." Duka lilishahama. Mkorosho ulishakatwa mkaa. Dereva anazunguka na taa zake, mpaka mtu atumwe na bodaboda kumngojea kwenye lami. Damu haingoji bodaboda jamani!

Namba za dharura tunazo, 999 na 112, watoto wanazijua. Lakini namba ya simu bila namba ya boma inasaidia nini? Anwani tuliyozoea ni S.L.P., nayo inakupeleka kwenye sanduku la posta, si mlangoni kwa mgonjwa. Marekani nako vijijini walikuwa na anwani za namna hiyo, za njia anayopita mpeleka barua na namba ya sanduku tu; wakazipa nyumba namba za barabarani ili wanaoitwa kwa 911, namba yao ya dharura, wafike.

Na kubandika vibao vya namba za nyumba mara moja hakutoshi. Huku kwetu shamba hugawanywa, kijana akioa anajenga pembeni, njia inazibwa na ua wa makuti. Mzee wa mtaa anayajua yote hayo. Basi kaunti impe daftari, ayaandike kila yanapobadilika, na nakala ifike kwa wanaopokea simu. Kwani ugumu uko wapi?